Old Trafford: Kuukarabati au Kujenga Mpya Pembeni Yake?

Kijiweni kwetu hapa Tanga wana-Manchester United tumegawanyika mafungu mawili, na safari hii ugomvi haumhusu kocha wala usajili. Unahusu uwanja. Fungu la kwanza linasema Old Trafford uezekwe upya, uongezwe viti, tubaki nyumbani kwetu. La pili linasema uwanja umechoka, ujengwe mpya kabisa hapohapo pembeni. Klabu yenyewe imeshaonyesha inakoelekea: tarehe 11 Machi 2025 ilitangaza nia ya kujenga uwanja wa watu 100,000, kwa gharama inayokadiriwa kuwa pauni bilioni 2, michoro ikiwa ya kampuni ya msanifu Norman Foster. Lakini kutoka kwenye mchoro hadi kwenye tofali ni mbali, na shabiki ana haki ya kujiuliza yuko upande gani kabla hajaambiwa ashangilie.

Nitaziweka njia hizi mbili bega kwa bega. Nitavitazama pia viwanja vya klabu nyingine zilizokwisha kupita kila njia, maana United si ya kwanza kufika kwenye njia panda hii.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichopo. Old Trafford ulifunguliwa Februari 1910, mechi ya kwanza ikiwa dhidi ya Liverpool, tukafungwa 4-3. Kabla ya hapo United ilikuwa ikicheza Bank Street, Clayton, upande mwingine wa jiji. Aliyeihamisha ni tajiri wa viwanda vya bia, John Henry Davies. Nalitaja hili mapema kwa sababu wapo wanaosema kuhama ni usaliti, ilhali Old Trafford wenyewe ni matunda ya kuhama. Leo unachukua watu wapatao 74,000, na hakuna klabu Uingereza yenye uwanja mkubwa kuliko huo.

Upanuzi mkubwa wa mwisho ulikamilika mwaka 2006, pembe mbili za upande wa kaskazini zilipozibwa kwa viti. Tangu hapo wenzetu walijenga, sisi tukapaka rangi. Mei 2024, baada ya mechi na Arsenal, dunia nzima iliona maji ya mvua yakiporomoka kutoka kwenye paa hadi kwenye viti. Mashabiki wa Manchester hawakushangaa. Familia ya Glazer iliinunua klabu mwaka 2005 kwa fedha za mkopo, na mkopo huo ukabebeshwa klabu yenyewe. Wanaohudhuria kila wiki watakwambia kwamba fedha ya paa ilikwenda kulipa riba. Wengine walikasirika mno hata wakaondoka mwaka huohuo na kuanzisha klabu yao, FC United of Manchester. Kwa hiyo mtu anapozungumzia uwanja pale Manchester, azungumze pia habari ya deni, la sivyo hatasikilizwa.

Ujenzi wenyewe

Ukichagua kukarabati, unakutana na reli. Njia ya treni inapita nyuma kabisa ya jukwaa la Sir Bobby Charlton, lile la kusini, na ndiyo sababu jukwaa hilo limebaki fupi huku mengine matatu yakipanda juu. Kulipandisha kunataka ujenge juu ya reli au uisogeze, na vyote viwili ni ghali. Hata ukifanikiwa, makadirio yaliyotolewa ni kwamba uwanja ungefika watu 87,000 hivi. Faida yake ni kwamba gharama inakuwa chini ya ile ya kujenga upya, na unaweza kwenda jukwaa kwa jukwaa, mwaka huu hili, baada ya miaka mitatu lile.

Liverpool walifanya hivyo, na wamefanya vizuri. Waliuacha mpango wa kujenga uwanja mpya Stanley Park, wakaamua mwaka 2012 kubaki Anfield. Jukwaa kuu jipya lilisimamishwa nyuma ya lile la zamani huku mechi zikiendelea, likafunguliwa 2016. Kisha wakahamia jukwaa la Anfield Road. Hapo kampuni ya ujenzi, Buckingham Group, ilifilisika Agosti 2023 kazi ikiwa katikati, na viti vya juu vikachelewa kwa miezi. Lakini leo Anfield unachukua kama 61,000, na Liverpool hawakuhamishia ugenini hata mechi moja ya mashindano ya nyumbani.

Barcelona nao walichagua kukarabati. Wanachama walipiga kura kuidhinisha mkopo wa ujenzi Desemba 2021, timu ikahamia kwa muda uwanja wa Montjuïc mwaka 2023, na ahadi ilikuwa warudi kwenye uwanja wao wa Camp Nou Novemba 2024. Walirudi Novemba 2025, tena wakiwa na sehemu tu ya viti. Naukumbuka uwanja ule kwa namna yangu: Mei 26, 1999, United wakicheza pale fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, nilikuwa nimesimama dirishani kwa jirani, televisheni moja, watu arobaini, Sheringham akasawazisha, Solskjær akamaliza. Kwa hiyo niliposoma kwamba wanaubomoa nusu, nilihisi kitu. Somo la Camp Nou ni kwamba neno «ukarabati» linaweza kuficha ujenzi mzima, pamoja na kuhama kwake na kuchelewa kwake.

Sasa uje kwenye kujenga mpya. Hapa United wana bahati ambayo Tottenham hawakuwa nayo. Tottenham walijenga palepale walipokuwa White Hart Lane, hivyo wakalazimika kucheza Wembley msimu mzima wa 2017-18 na sehemu kubwa ya uliofuata, mpaka walipofungua uwanja wao wa watu 62,850 Aprili 3, 2019. Old Trafford umezungukwa na ardhi nyingi ya klabu na ya viwanda. Ukijenga pembeni, timu inaendelea kuchezea uwanja wa zamani mpaka siku ya mwisho, viti vyote 74,000 vikiingiza fedha. Hakuna Wembley, hakuna Montjuïc.

Sisi Watanzania tumeuona mpangilio huo kwa macho yetu. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, ulijengwa Temeke jirani kabisa na Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi, na kazi ikiendelea Shamba la Bibi halikuhama popote. Ndiyo maana wazo la kujenga pembeni halinitishi.

Kikwazo cha njia hii ni bohari la mizigo ya treni lililoko nyuma ya Old Trafford. Mpango mzima wa kuliendeleza eneo unalitaka lile bohari lihame, na mwenye ardhi akijua unaihitaji, bei haibaki palepale. Klabu ilisema ujenzi unaweza kuchukua miaka mitano kwa kutengeneza vipande kiwandani na kuvisafirisha kwa mfereji wa Manchester. Mimi ningeongeza miaka miwili kichwani mwangu kabla sijaanza kuhesabu.

Tiketi, na hapa nitakaa kidogo

Kila nikisoma wanachosema mashabiki wa Manchester, wale wa tiketi za msimu, naona picha za uwanja si kitu cha kwanza kwao. Cha kwanza ni bei.

Angalia mfululizo wa siku. Mwishoni mwa 2024, katikati ya msimu, klabu ilipandisha bei ya tiketi zilizobaki za wanachama hadi pauni 66, bila punguzo kwa mtoto wala mstaafu. Machi 9, 2025, siku ya mechi na Arsenal, maelfu waliandamana hadi uwanjani wamevaa nguo nyeusi, kama watu waendao mazikoni. Siku mbili baadaye ndipo ukaja mchoro wa uwanja wa 100,000 wenye paa kama mwavuli mkubwa na nguzo tatu, ndefu kuliko zote ikifikia mita 200. Mtu aliyevaa nyeusi Jumapili anaonyeshwa mwavuli Jumanne. Unaweza kuelewa kwa nini wengi waliuliza swali moja tu: nani atakaa chini ya mwavuli huo?

Usidhani ukarabati unakuokoa hapa. Liverpool walipokaribia kufungua jukwaa lao kuu jipya, walitangaza tiketi za hadi pauni 77. Februari 2016, dhidi ya Sunderland, ilipofika dakika ya 77 maelfu ya mashabiki waliinuka wakatoka. Timu ilikuwa ikiongoza 2-0, mechi ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuzifuta bei zile. Jukwaa lilikuwa la ukarabati, na bei ilipanda vilevile. Kilichoishusha ni watu waliosimama kwa pamoja.

Upande wa viwanja vipya, Tottenham wana uwanja ambao kila mtu anausifu, na mwaka 2024 walitangaza kwamba wazee wapya hawatapata tena punguzo la tiketi ya msimu, na wale walio nalo litapunguzwa kidogo kidogo. Wazee waliokuwa wakienda tangu wakiwa watoto walijikuta wakiandamana na mabango.

Basi linganisha hivi. Viti 100,000 vikiwepo, klabu ina nafasi ya kutenga sehemu kubwa ya bei ndogo na bado ikapata fedha nyingi kwa wageni maalumu. Viti 87,000 vinaipa nafasi ndogo zaidi. Kihesabu, uwanja mpya unaweza kumfaa zaidi mtu wa kipato cha chini. Lakini «unaweza» si ahadi. Uwanja mpya unapanga upya kila kiti, kila jukwaa, kila mwenye kiti. Mtu aliyekaa jukwaa la Stretford End miaka thelathini na jirani zake walewale anaweza kuambiwa eneo lake sasa ni la wageni wa makampuni. Ukarabati wa jukwaa moja moja unawagusa wachache kwa wakati mmoja, na wengine wanabaki walipo.

Deni

Ukiuliza watu wa klabu yoyote iliyojenga upya, watakwambia hesabu inalipwa uwanjani pia. Arsenal waliondoka Highbury 2006, wakaenda Emirates, umbali wa kutembea kwa dakika chache tu. Waliuza nyumba walizojenga kwenye uwanja wa zamani, wakabana matumizi, wakauza wachezaji. Kati ya 2005 na 2014 hawakuchukua kombe lolote kubwa. Mmoja wa walioondoka alikuwa Robin van Persie, aliyekuja kwetu 2012 na kutupa ubingwa. Tulifurahi sana. Sasa jiulize ni nani atakayefurahi siku sisi tutakapouza mfungaji wetu ili tulipe uwanja.

United wanaingia kwenye mradi huu wakiwa tayari na mzigo wa deni. Jim Ratcliffe aliponunua hisa zaidi ya robo mwaka 2024, alileta fedha za kurekebisha miundombinu, lakini si za kujenga uwanja wa bilioni 2. Serikali ya Uingereza imeunga mkono kuendelezwa kwa eneo zima, na Andy Burnham, akiwa meya wa Greater Manchester, alisema wazi kwamba fedha za umma ni kwa ajili ya barabara, reli na makazi, uwanja wenyewe klabu ijitegemee. Nadhani amesema sawa. Mlipa kodi wa Salford, jirani na uwanja, asiyependa mpira hana deni na sisi.

Kwa kipengele hiki, ukarabati unashinda bila ubishi. Unakopa kidogo, unajenga, unalipa, ndipo unaendelea.

Majirani

Hili ndilo jambo ambalo sisi wa mbali hatulioni kwenye runinga. Mpango wa klabu hauishii kwenye uwanja: unataja nyumba mpya 17,000, ajira 92,000 na pauni bilioni 7.3 kwa mwaka kwenye uchumi wa nchi. Hizo ni hesabu za wenye mradi, zipokee kama unavyopokea ahadi ya mgombea. Lakini haja yenyewe ni ya kweli. Eneo lile lina maegesho makubwa, maghala na ardhi iliyolala, na watu wa Trafford na Salford wanahitaji nyumba.

Uwanja ukihama, mtaa unaweza kufa. West Ham waliacha Upton Park mwaka 2016, baada ya zaidi ya miaka 110, wakaenda kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Uwanja wa zamani ukageuzwa magorofa ya kuishi, na baa, maduka ya chipsi na wauza skafu wa Green Street wakabaki bila siku ya mechi. Kule kwenye uwanja mpya mashabiki walikaa mbali na nyasi kwa sababu ya njia ya riadha, na Machi 2018, wakifungwa na Burnley, wengine waliingia uwanjani katikati ya mchezo kupinga. Kila shabiki wa United anayeogopa uwanja mpya, hofu yake ni ya West Ham. Lakini tofauti ni kubwa. United wangebaki kwenye kona ileile ya jiji, na barabara ya Sir Matt Busby Way, yenye wauza majarida na skafu, ingebaki jirani.

Kubaki nako kuna majeraha yake. Liverpool walinunua nyumba nyingi kuuzunguka Anfield kwa miaka mingi wakisubiri upanuzi, nyingine zikakaa zimezibwa mbao, na majirani waliobaki wakaishi katikati ya mtaa uliooza. Real Madrid waliukarabati Bernabéu wakitegemea matamasha, majirani wakalalamikia kelele, na 2024 matamasha yakasimamishwa. Kwa hiyo si kweli kwamba ukarabati ndiyo njia ya upole kwa majirani. Inategemea unawazungumzisha lini, kabla ya mchoro au baada yake.

Kumbukumbu

Chini ya jukwaa la kusini kuna njia ya zamani waliyopita wachezaji kuingia uwanjani. Ndicho kipande kilichobaki cha uwanja wa 1910. Tarehe 11 Machi 1941, siku na mwezi uleule wa tangazo la uwanja mpya, miaka 84 nyuma, mabomu ya Wajerumani yaliliharibu jukwaa kuu, na United wakacheza Maine Road, kwa Manchester City, mpaka 1949. Njia ile ilisalimika. Vijana wa kocha Matt Busby waliipita, wakiwemo wanane waliokufa katika ajali ya ndege ya Munich Februari 6, 1958. Leo inaitwa njia ya Munich, na nje ukutani kuna saa inayokumbusha siku hiyo.

Ukarabati unaihifadhi yenyewe, bila kuomba. Uwanja mpya unailazimisha klabu iamue. Awali lilitajwa wazo la kuupunguza Old Trafford uwe uwanja mdogo wa timu ya wanawake na vijana, kisha mazungumzo yakaelekea kwenye kuubomoa. Everton walikuwa na uamuzi kama huo mwaka 2025 walipoondoka Goodison Park, walikocheza tangu 1892. Wakauacha uwanja usimame, ukawa nyumba ya timu yao ya wanawake. Niliposikia hivyo nilifurahi kama vile ni klabu yangu.

Uchague ipi?

Klabu ilipowauliza mashabiki wake, zaidi kidogo ya nusu walitaka uwanja mpya, karibu theluthi walitaka ukarabati, na waliobaki hawakuwa na uhakika. Hata Sir Alex Ferguson ameunga mkono kujenga upya. Kwa hiyo fungu lolote kati ya haya mawili lina watu wenye akili ndani yake.

Kama kwako jambo la kwanza ni timu kushinda ndani ya miaka mitano ijayo, chagua ukarabati. Deni kubwa litakula usajili, na Arsenal ni ushahidi. Kama unajali zaidi watu walioko kwenye viti leo, waliokaa pamoja miaka yote, chagua ukarabati pia, ila ujue utaishi na jukwaa la kusini lenye reli mgongoni, na utapigania bei vilevile. Kama unaitazama klabu ya wajukuu zetu, yenye nafasi kwa kijana wa Salford ambaye leo hapati tiketi kabisa, basi uwanja mpya ndio wenye nafasi hiyo.

Mimi nimesimama na uwanja mpya, na nimechukua muda mrefu kufika hapo. Kilichonivuta ni ile bahati ya kujenga pembeni bila kuhama, na reli ile ambayo hakuna ukarabati utakaoiondoa bila kulipia karibu sawa na kujenga. Lakini naunga mkono kwa masharti matatu, na likivunjwa moja narudi fungu la kwanza. Mkopo wa uwanja uwe kwa jina la wamiliki na usibebeshwe klabu kama ule wa 2005. Idadi ya viti vya bei ndogo na vya watoto iandikwe kwenye mkataba na mashabiki kabla msingi haujachimbwa. Na njia ya Munich isibomolewe: kipande kile, hata kikiwa mita chache tu za matofali katikati ya bustani, kibaki mahali kilipo tangu 1910, watoto wapite ndani yake wakienda kwenye mechi.

Mwenzangu wa kijiweni, yule anayeongoza fungu la ukarabati, nilipomsomea masharti haya alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nani atakayewalazimisha wamiliki wayatie saini. Nilimjibu kwa habari ya dakika ya 77 pale Anfield. Akasema basi tuanze na sharti la kwanza, kwa kuwa hayo mengine mawili yanalitegemea hilo, na kwa hilo tulikubaliana.